Asilimia ya Wadi Iliyotoka kwa Watoto Wawili

Kaunti ya Kisumu ina wadi 35. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2022, ule unaojulikana kama KDHS, ulichagua klasta 1,692, yaani maeneo madogo ambayo baadhi ya kaya zake huhojiwa, kote nchini Kenya. Ukizigawa kwa kaunti 47 unapata klasta 36 kwa kila kaunti. Yaani Kisumu, kwa wastani, ni klasta moja kwa wadi moja. Na kwa kuwa klasta huangukia zinakoangukia, zipo wadi zinazopata mbili au tatu na zipo ambazo hakuna mtafiti anayezikanyaga. Klasta moja huchukua kaya 25. Katika kaya 25 za Seme au Nyakach, watoto wa miezi 12 hadi 23, ambao ndio hutazamwa kujua kama wamemaliza chanjo za msingi, huwa wawili hivi, wakizidi sana watatu.

Sasa mtu aitishe asilimia ya chanjo ya wadi kutoka kwenye utafiti huo. Watoto wawili wana majibu matatu tu: sufuri, hamsini au mia. Hata hivyo, ramani za wadi zilizopakwa rangi zinazidi kuletwa mezani mipango ya kaunti inapoandikwa, kijani hapa, nyekundu pale, kila wadi na asilimia yake hadi desimali, na pesa za mafuta ya pikipiki na za kliniki za nyanjani zinafuata rangi hizo. Makala haya yanashikilia jambo moja: namba ya wadi iliyokadiriwa inafaa kutuonyesha pa kwenda kuhesabu. Haifai kuwa matokeo ya mtihani wa muuguzi, wala silaha ya kumpiga mwakilishi wadi.

Si kwamba namba za wadi ni anasa. Surua haingoji wastani wa kaunti. Ili isisambae, watu wapatao 95 kati ya 100 wanahitaji kinga, na dozi ya kwanza inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 hukinga watoto 85 hivi kati ya 100 wanaoipata. Ndiyo sababu kuna ya pili ya miezi 18. Mahali palipochanja watoto 80 kati ya 100 kwa dozi moja pana watoto 68 wenye kinga na 32 wasio nayo. Kaunti inaweza kujivunia asilimia 90 huku kijiji kimoja kando ya ziwa kikiwa na 55, na ugonjwa utakita kambi hapo hapo. Kwa hiyo anayetaka tubaki na namba moja ya kaunti nzima naye amekosea. Swali ni namba hizo za wadi zinapatikanaje, na zinabeba uzito gani.

Tuanze na hiyo ya kaunti yenyewe, kwa sababu hata nayo haiko imara kama inavyodhaniwa. Tuseme utafiti umepata watoto 80 wa umri unaotakiwa katika kaunti, na 64 kati yao wamemaliza chanjo: asilimia 80. Watoto wa klasta moja hufanana. Mama zao huenda kliniki moja, na chupa za chanjo zikiisha siku hiyo wote hurudi nyumbani mikono mitupu. Mtoto wa pili wa klasta haleti habari mpya kamili, kwa hiyo wanatakwimu hupunguza idadi. Wakigawanya kwa 1.5, watoto 80 wanabaki na uzito wa watoto 53. Kiwango cha makosa kinakuwa pointi 11 kila upande. Ile asilimia 80 inasema tu kwamba ukweli huenda uko mahali fulani kati ya 69 na 91. Ukishuka hadi kaunti ndogo, na Kisumu ina saba, unabaki na watoto 11 au 12. Ukishuka hadi wadi, umerudi kwa wale wawili.

Kuna na suala la wakati. KDHS ya 2022 ilikusanywa kati ya Februari na Julai mwaka huo. Mtoto aliyekuwa na miezi 12 hadi 23 wakati huo alizaliwa kati ya mapema 2020 na katikati ya 2021, siku za Korona na kafyu. Watoto hao wameshaingia chekechea. Upungufu wa chanjo za BCG (ile ya kifua kikuu) na polio ulioikumba nchi katikati ya 2025 haumo katika utafiti huo, wala hauwezi kuwamo. Ramani iliyochorwa kwa data ya 2022 ikabandikwa kichwa cha mwaka huu inatueleza habari za watoto wengine kabisa.

Jingine ambalo wachoraji wengi wa ramani hulipita kimya ni mahali penyewe. Ili kulinda siri za waliohojiwa, watayarishaji wa tafiti za DHS, ambazo KDHS ni mojawapo, huzisogeza nukta za GPS za klasta kabla ya kuzitoa kwa umma: za mjini hadi kilomita 2, za mashambani hadi kilomita 5, na moja kati ya kila mia ya hizo za mashambani hadi kilomita 10. Ni jambo la heshima na linapaswa kubaki. Lakini hebu tazama maana yake. Vihiga ina kilomita za mraba 560 hivi na wadi 25, wastani wa kilomita za mraba 22 kwa wadi. Ungeifanya wadi hiyo kuwa duara, kutoka katikati hadi ukingoni hapafiki kilomita 3. Nukta ya katikati iliyosukumwa kilomita 4 imehama wadi. Mjini Kisumu, kilomita 2 zinatosha kuitoa klasta Nyalenda na kuiweka Milimani, ng'ambo tu ya barabara, ambako nyumba, mapato na kliniki ni vitu tofauti. Mtu akichukua nukta hizo na kuziangushia kwenye mipaka ya wadi kana kwamba ndipo zilipo, namba anayopata imeharibika kabla hesabu haijaanza. Njia iliyo salama zaidi ni kugawa uwezekano: klasta hii ina nafasi ya asilimia 60 kuwa wadi hii, 30 ile, 10 ile nyingine, na modeli, yaani hesabu inayotoa makadirio ya ramani, ibebe shaka hiyo hadi mwisho.

Na mtoto mwenyewe, alichanjwa au hakuchanjwa? Kijitabu cha mama na mtoto kikiwepo, mtafiti anakili tarehe. Kisipokuwepo, huulizwa mama. Hapo ndipo mambo hulegea. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto hudungwa Penta, sindano moja inayokinga magonjwa matano, paja la kushoto na ile ya nimonia paja la kulia, na wiki ya 14 huongezwa polio ya sindano. Mama akiulizwa mtoto alidungwa pajani mara ngapi, anaweza kujibu tatu akimaanisha safari tatu za kliniki, au tatu akimaanisha sindano tatu za siku ile mtoto aliyolia usiku kucha. Yote mawili ni majibu ya kweli. BCG angalau huacha kovu kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, ingawa si kila mtoto aliyedungwa hubaki na kovu. Vijitabu navyo huisha kituoni, na wauguzi huandika tarehe kwenye daftari la shule au kikaratasi kinacholowa mvua ya kwanza. Eneo lenye vijitabu vichache litaonekana limechanja pungufu au zaidi ya ukweli, kutegemea kumbukumbu, na modeli haitajua isipoambiwa ni watoto wangapi walithibitishwa kwa maandishi.

Basi wengi hukimbilia data ya vituo vya afya. Inavutia kweli: inaingia kila mwezi, kutoka kila zahanati, na Kenya imekuwa ikitumia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa ripoti za afya, nchi nzima tangu 2011, ambao leo tunauita KHIS. Muuguzi hupiga alama kwenye karatasi ya MOH 702 mtoto mmoja mmoja, huandika jina kwenye rejista ya MOH 510, na mwisho wa mwezi jumla huhamishiwa kwenye MOH 710 kisha huingizwa kwenye kompyuta. Asilimia ni namba ya juu, yaani dozi zilizotolewa, juu ya namba ya chini, yaani watoto wanaotarajiwa kuwa chini ya mwaka mmoja katika eneo hilo. Makosa hutoka pande zote mbili, na ya chini ndiyo mabaya zaidi.

Namba ya chini hutokana na sensa ya 2019 iliyosogezwa mbele kwa makisio ya ukuaji. Kwa kaunti nzima, kama Kisumu iliyohesabiwa watu 1,155,574 au Nakuru iliyohesabiwa 2,162,202, makisio hayo yanastahimili. Kwa wadi hayastahimili. Naivasha hupokea vijana wa mashamba ya maua, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Mitaa ya Nakuru, iliyopata hadhi ya jiji Desemba 2021, huota nyumba mpya za kupangisha ndani ya mwaka mmoja. Na vijiji fulani vya Kakamega hubaki na wazee na wajukuu. Kuzidisha watu wa 2019 kwa asilimia moja ile ile ya watoto kila mahali kunawapa vijiji watoto wasiokuwepo na kuwanyima mitaa watoto waliopo.

Kisha watu hutembea. Chukua mfano wa hesabu tu. Wadi ya kwanza ina hospitali kubwa na inatarajiwa kuwa na watoto 900. Hospitali imetoa Penta ya tatu 1,080. Asilimia 120. Wadi ya pili, jirani yake, ina zahanati moja na inatarajiwa kuwa na watoto 600, imetoa 270. Asilimia 45. Mkutano utaisifu ya kwanza na kuifokea ya pili. Sasa fungua rejista, utazame mtaa au kijiji cha kila mtoto, ugundue kwamba 300 kati ya waliochanjwa hospitalini wanatoka wadi ya pili. Ya kwanza inashuka hadi 780 kati ya 900, asilimia 87. Ya pili inapanda hadi 570 kati ya 600, asilimia 95. Aliyefokewa ndiye aliyestahili pongezi. Anayeujua umati wa asubuhi pale Russia, hospitali kubwa ya rufaa ya Kisumu, hahitaji kuambiwa kwamba watoto wale hawakuzaliwa wote mtaa ule. Wanatoka Manyatta, Kajulu, na wengine wamevuka kutoka Vihiga.

La kusikitisha ni kwamba habari hiyo tunayo. Rejista ya MOH 510 ina nafasi ya kijiji au mtaa. Lakini fomu ya mwezi hujumlisha kwa kituo, si kwa makazi, na kijiji cha mtoto hufia kabatini. Kabla ya kaunti kulipia modeli yoyote, ingechukua rejista za mwezi mmoja kutoka vituo vyake vikubwa kumi na kuwagawa watoto kwa makazi. Ni kazi ya siku chache kwa maafisa wa rekodi wawili, na jedwali linalopatikana, la watoto wa wadi gani huchanjwa wapi, linaweza kutumiwa mwaka mzima kurekebisha namba zote za miezi mingine.

Uhamaji wa mbali una alama yake. Mwanamke anayefanya kazi Naivasha huweza kwenda kujifungulia kwa mama mkwe Bungoma, mtoto apate BCG na Penta ya kwanza huko, kisha arudi kazini na Penta ya tatu itolewe Naivasha. Katika takwimu, Bungoma inaonekana kupoteza watoto na Naivasha inaonekana kutoa Penta ya tatu nyingi kuliko ya kwanza, jambo ambalo kwa kundi moja la watoto haliwezekani. Pengo la Penta ya kwanza na ya tatu likizidi asilimia 10 huwa tunasema wazazi wameacha. Likiwa hasi, watu husema data ni mbovu. Mara nyingine si kuacha wala ubovu, ni barabara ya Nakuru–Eldoret.

Makosa ya namba ya juu ni rahisi kuyakamata ukiyatafuta. Ripoti isiyofika husomwa kama sufuri; wakati wa mgomo wa wauguzi wa 2017, uliochukua miezi mitano, tofauti kati ya "hakuchanjwa mtu" na "hakuna aliyeandika" ilikuwa kila kitu. Mtoto wa miezi 14 aliyechelewa surua huandikwa kwenye safu ya walio chini ya mwaka. Kliniki ya nyanjani huhesabiwa na timu iliyokwenda na tena na kituo kilichowatuma. Hapa kipimo kizuri ni chupa. Chanjo ya surua na rubela huja katika chupa ya dozi 10, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6. Kituo kilichofungua chupa 11 hakiwezi kuchanja watoto 140. Kikomo ni 110. Linganisha daftari la stoo na MOH 710 kwa miezi mitatu, utajua ni vituo gani vya kuamini. Na sheria hiyo ya saa 6 ina upande wake wa pili: zahanati ndogo ikiwa na watoto wawili asubuhi, muuguzi husita kufungua chupa, na mama huambiwa arudi siku watoto watakapokuwa wengi. Wengine hawarudi. Kwa hiyo dozi ya surua iliyo chini katika wadi yenye vituo vidogo vidogo si lazima iwe ni ukaidi wa wazazi.

Namba ya chini nayo ina tiba ya muda. Badala ya kutegemea sensa, chukua dozi ambayo karibu kila mtoto huipata. Utafiti ukionyesha kwamba Penta ya kwanza katika kaunti ni asilimia 98, na vituo, baada ya kusafishwa kwa kipimo cha chupa, vimetoa Penta ya kwanza 4,900, basi watoto wa kaunti ni 5,000 hivi. Njia hii haifai palipo na watoto wengi ambao hawajawahi kuguswa na chanjo yoyote, kwa sababu wao hawaonekani kwenye hesabu yake. Kwa sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya inasaidia.

Sasa modeli. Wazo la msingi lina miaka zaidi ya 40. Mwaka 1979 Robert Fay na Roger Herriot, wa ofisi ya sensa ya Marekani, walionyesha namna ya kukadiria mapato ya vijiji vyenye watu chini ya 1,000. Walichanganya vitu viwili: kile sampuli ndogo ya kijiji inachosema, na kile ambacho kijiji chenye sifa kama zake kingetarajiwa kuwa nacho. Uzito wa kila upande hutegemea nani ana shaka ndogo. Tafiti za sasa huongeza ujirani, kwamba maeneo yanayopakana hufanana, na huendesha hesabu kwa mbinu za Bayes, zinazochanganya matarajio ya awali na ushahidi uliopatikana. Moyo wake ni ule ule wa mwenye upungufu kukopa kwa jirani.

Tazama kwa karibu. Kaunti ndogo moja ina watoto 12 kwenye utafiti, na baada ya uzito wa sampuli asilimia yake ni 62. Kwa elimu ya mama, umbali wa kliniki na hali ya mapato, modeli inatarajia 82. Tuseme kaunti ndogo kwa kawaida hutofautiana na matarajio ya modeli kwa pointi 8. Tuseme pia hapa watoto 12 wenye kufanana wana uzito wa 9, na kosa la sampuli yao ni pointi 16. Mraba wa 8 ni 64. Mraba wa 16 ni 256. Sampuli inapewa 64 juu ya 320, yaani moja ya tano ya sauti. Makadirio ya mwisho: moja ya tano ya 62 na nne ya tano ya 82, jumla 78.

Hiyo 78 ni hesabu nzuri. Kwa kaunti ndogo nyingi kwa pamoja itakuwa karibu na ukweli kuliko zile namba ghafi. Lakini kama hapo ndipo penye tatizo la kweli, tuseme kituo kimekaa bila friji kwa miezi mitano, modeli imelifunika. Imeiambia kaunti "mko kama majirani zenu" kwa sababu haikuwa na ushahidi wa kutosha kusema vinginevyo. Ramani laini zinazopendeza macho hupendeza kwa sababu hiyo hiyo: zimelainisha. Kishimo kidogo cha watoto wasiochanjwa ndicho kitu ambacho kulainisha hukifuta kwanza, na ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Sifa zinazolishwa modeli nazo zahitaji jicho la mwenyeji. Ramani ya muda wa safari huchukulia barabara iko pale mwaka mzima. Katika tambarare za Kano, mto Nyando ukivunja kingo, safari ya dakika 20 hadi Ahero huwa ya nusu siku. Wadi ya Kisiwa cha Mfangano haipakani na wadi yoyote kwa nchi kavu. Programu ikijenga ujirani kwa mipaka ya ardhi, Mfangano haina jirani na hesabu hukataa au huiacha ikielea. Ikijenga kwa umbali wa mstari mnyoofu, inaunganishwa na ufuo ambao boti haziendi. Mtu anayejua boti hutia nanga wapi anaweza kuandika jedwali la majirani kwa mkono katika dakika kumi. Mitaa ya aina ya Milimani, iwe ya Kisumu au ya Nakuru, hupeleka watoto kliniki za kibinafsi, na zisipotuma ripoti, matajiri huonekana hawachanji.

Chanjo ya malaria ndiyo mtego mpya. Ilianza Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, kisha ikaenea katika kaunti nane za ukanda wa ziwa na magharibi: Homa Bay, Kisumu, Migori, Siaya, Busia, Bungoma, Vihiga na Kakamega. Lakini mwanzoni ilitolewa katika kaunti ndogo zilizochaguliwa tu, nyingine zikiachwa kwa ajili ya kulinganisha, hadi ilipopanuliwa 2023. Asilimia ya kaunti nzima kwa miaka hiyo inachanganya walioikosa na wale ambao hawakuwa na haki ya kuipata. Modeli inayolainisha kwa ujirani itavuka mpaka huo bila kuuona na kuwapa watoto wa upande mmoja dozi ambazo hazikuwepo. Dozi ya nne, iliyopangiwa miezi 24 katika miaka hiyo, ilikuja wakati ambapo mama ameshaacha kwenda kliniki, kwa hiyo haiwezi kukadiriwa kutoka kwa ya kwanza.

Basi kaunti ifanye nini na ramani yake? Kwanza iitishe safu tatu zaidi katika jedwali: idadi ya watoto walioonekana kwa macho katika wadi hiyo, wigo wa shaka, na uwezekano kwamba wadi iko chini ya asilimia 80. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye kazi. "Wadi hii ni 78" na "wadi ile ni 81" ni maneno matupu ikiwa zote mbili zina wigo wa 62 hadi 91. "Kuna uwezekano wa asilimia 70 kwamba wadi hii iko chini ya 80, na hatuna mtoto hata mmoja aliyehesabiwa huko" ni maneno yanayoweza kutuma watu barabarani. Kupanga wadi kutoka ya kwanza hadi ya 35 kukomeshwe kabisa. Nafasi hizo hubadilika kila modeli ikiendeshwa upya, na kuna muuguzi nyuma ya kila nafasi.

Kisha twende tukahesabu. Kuna njia nyepesi: watoto 19 wa miezi 12 hadi 23 katika wadi, kutoka mahali 19 palipochaguliwa kwa bahati nasibu kulingana na idadi ya watu. Tusiwachukue waliokusanyika kituoni, wala wa nyumba zilizo kando ya lami. Wakipatikana 13 au zaidi waliomaliza chanjo, wadi inachukuliwa imefika asilimia 80. Wakiwa chini ya 13, haijafika. Wadi iliyo kweli na asilimia 80 itaonewa mara 7 kati ya 100. Iliyo na 50 itapona mara 8 kati ya 100. Kwa uamuzi wa kupeleka kliniki ya nyanjani, hilo linatosha. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hushika kaya 100 hivi na tangu 2023 wana simu za kazi, ndio wenye orodha za nyumba. Ila mhudumu asihesabu nyumba zake mwenyewe. Abadilishane na wa kijiji kingine.

Matokeo hayo yarudi kwenye modeli. Lakini modeli hubaki na msimamo wake hata baada ya watoto 19: wadi ikipata 11, yaani asilimia 58, modeli ikitarajia ile 82 na tofauti za kawaida zikiwa zile pointi 8, sampuli inapata theluthi moja tu ya sauti na makadirio yanabaki 74. Wadi inafikia nusu ya sauti ikishakuwa na watoto 37 hivi waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa hiyo timu ikipata chini ya 13 kati ya 19, isirudi ofisini kusubiri rangi mpya ya ramani. Iongeze mahali 18, inakili tarehe kutoka kwenye vijitabu, iandike kando ni watoto wangapi hawakuwa na kijitabu, na kliniki ya nyanjani ipangwe wiki hiyo hiyo.